Punda Aliyejifupisha

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa ofisi. Afisa Mifugo wa Wilaya, mwanamume mrefu aliyevaa koti zito la baridi hata jua la Sumbawanga lilipokuwa limepanda, alinikuta mlangoni nimeshika bahasha yangu ya vyeti. Hakuifungua. Alinipa fimbo ya kupimia wanyama, akanionyesha punda aliyefungwa kwenye mkaratusi nyuma ya jengo.

"Mpime kimo," akasema. "Ukimaliza, mpime tena."

Nilimpima, nikampima tena, na tena. Kila mara namba ilikuja tofauti. Nilitokwa na jasho kwenye baridi ile. Mwisho nikarudi kwake nikamwambia nadhani fimbo ni mbovu.

"Fimbo ni nzima," akasema bila kucheka. "Na huyo punda hajakua wala hajapungua tangu asubuhi. Sasa niambie, binti, ni nani anayebadilika hapa?"

Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Ninyi vijana mnaosoma haya mnamjua afisa mifugo kwa chanjo, kwa majosho, kwa vibali vya kusafirisha ng'ombe. Hayo yote niliyafanya. Lakini kila msimu wa maonyesho ya mifugo ulipofika, mimi nilikuwa mpima kimo wa punda, na kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili hunisisimka.

Kimo cha punda hakipimwi kichwani. Hupimwa pale shingo inapoishia na mgongo unapoanzia, juu kabisa ya mabega. Fimbo yetu ilikuwa na mkono wa ubao unaoteleza juu na chini, na juu ya mkono huo kulikuwa na pimamaji, kile kichupa chenye povu kama wanachotumia mafundi ujenzi. Povu likikaa katikati, mkono umelala sawa, unasoma namba. Ni kazi nyepesi kwa macho ya anayetazama. Bosi wangu yule alipiga magoti kwenye vumbi na koti lake, akanionyesha kwato za punda.

"Angalia. Miguu ya mbele iko chini kuliko ya nyuma. Ukimpima mnyama kwenye mteremko, unapima mlima."

Akanifundisha kumsogeza mpaka pale ardhi ilipolala sawa, kumwacha asimame kwa miguu minne iliyonyooka, kungoja kichwa kisiwe juu wala chini, kutenganisha manyoya ili ubao ulale kwenye ngozi, na kutougandamiza. Juu ya yote alinifundisha kungoja. "Akishusha pumzi, soma," alisema. "Usisome kabla."

Kutoka pale nilipelekwa Kaoze, kule bondeni, ambako joto lilinifanya nitamani kuliona koti la yule bosi hata kwa mbali, nikumbuke baridi. Wafugaji wengi walikuwa wametoka mikoa ya kaskazini-magharibi na ng'ombe wao, na punda walikuja nao wakibeba maji, magunia na vyombo vya nyumbani. Watu wa kule walianza kuniita Bibi Mifugo nikiwa bado msichana, na jina likanishika. Mkuu wa kituo, mzee aliyekaribia kustaafu, hakuwa na sakafu ya zege ya kupimia. Alikuwa na mlango wa mninga, mlango mzima wa nyumba, alioulaza juu ya mchanga na kuusawazisha kwa pimamaji kila asubuhi ya maonyesho. Wenye punda walicheka, lakini hakuna aliyewahi kubisha kipimo cha mlango ule.

"Bibi Mifugo," aliniambia siku moja akipangusa mchanga ubaoni, "watu watakusamehe ukikosea dawa. Hawatakusamehe ukimpendelea jirani."

Nieleze kwa nini kimo kilikuwa na uzito hivyo. Kwenye mashindano yetu punda walivuta mkokoteni wenye magunia ya mahindi, na waligawanywa makundi matatu: wafupi, wa kati na warefu. Kila kundi lilikuwa na mzigo wake. Mfupi alivuta mzigo mdogo, mrefu mkubwa, ili asiumie yeyote na ashinde mwenye kutunza vizuri. Sasa fikiria punda mrefu akiingia kundi la wafupi. Anavuta mzigo ule kama anavuta kikapu. Mshindi alipewa plau ya kukokotwa na ng'ombe, na kwa mkulima wa uwanda wetu plau si kitu cha mzaha.

Baada ya Kaoze nilirudishwa juu, Ufipa, kwenye kijiji kimoja upande wa Mwimbi. Nyumba ya mtumishi ilikuwa haijaezekwa, kwa hiyo uongozi wa kijiji ukaniombea chumba kwa Mzee Kazumba. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maonyesho, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa kanisani, mtu ambaye ugomvi wa mipaka ulipotokea pande zote mbili zilikubali aamue yeye. Mimi baba yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Mzee Kazumba aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na sikuona neno hilo limezidi. Mkewe, Mama Agripina, alinipikia ugali wa ulezi na maharage, akanikemea nilipotoka asubuhi bila sweta. Jioni tulisali rozari pamoja. Chini ya upenu wao zilisimama plau mpya alizoshinda mzee miaka iliyopita, kabla hajauza punda wake na kukubali kuwa mwenyekiti. Nilizipita kila siku na kujivunia kukaa kwenye nyumba ya mtu anayejua kutunza mnyama.

Maonyesho yakafika. Uwanja wa shule ulijaa watu, akina mama wakiuza maandazi na togwa, vijana wa bodaboda wakiwa wamepanga pikipiki zao kivulini. Safari hii kulikuwa na sakafu ya zege, nami niliipima kabla ya kumpima punda yeyote. Kazi ilienda vizuri mpaka akaja mfugaji mmoja aitwaye Masanja, mtu mpole, mgeni kijijini, na punda wake wa kijivu kama punda wengine wengi wa pale. Alikuwa amefuatana na mkewe, Mama Kulwa.

Kwa macho tu nilijua punda yule ni wa kundi la warefu. Alikuwa amesimama sambamba na punda niliyetoka kumwandika wa kati, na mabega yake yalimpita. Nikainua mkono wa fimbo, nikaushusha taratibu.

Ubao ulipomgusa, punda alizama.

Sina neno lingine. Magoti yalilegea, mgongo ukabonyea, tumbo likashuka kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Nilipotazama namba, ilimweka kundi la wafupi. Nikaondoa fimbo; akasimama. Nikairudisha, akazama tena, na safari hii niliona ngozi ya shingo yake ikitetemeka.

Watu waliona pia. "Kamfundisha!" mtu akapiga kelele. Mwingine akadakia, "Hawa wa kuja hawa, tuliwaambia!" Kelele zikapanda. Masanja alinitazama mimi, akawatazama wao, kinywa wazi.

"Bibi Mifugo, mimi sijui," akasema. "Hata nyumbani hufanya hivi tukimtwika mzigo. Tulidhani anaumwa mgongo. Mama Kulwa humkanda kwa samli."

"Ni kweli," Mama Kulwa akasema. "Kila jioni namkanda. Muulize jirani yeyote."

Kutoka meza kuu sauti ya Mzee Kazumba ilisikika kwenye kipaza sauti: "Mpima kimo, mwondoe huyo punda uwanjani. Udanganyifu hauna nafasi hapa. Mwondoe, tuendelee."

Watu wakashangilia. Nami nakiri moyo wangu ulikuwa upande wao. Lakini utaratibu ulisema punda asiyetulia apumzishwe, atembezwe, kisha apimwe upya, na hakuna mahali utaratibu uliposema "isipokuwa punda wa mgeni." Nikainua mkono kumwonyesha mwenyekiti kwamba bado. Nikaweka fimbo chini, mbali, nikamwambia Mama Kulwa amshike kamba, nikaanza kumpapasa punda yule kwa kiganja. Shingoni. Ubavuni. Polepole mpaka mabegani.

Pale juu, chini ya manyoya, vidole vyangu vikakuta vinundu. Vilikuwa vidogo, vigumu, vimekaribiana, mahali pale pale ubao wa fimbo unapolala. Nikatenganisha manyoya. Ngozi ilikuwa na makovu ya duara kama punje za mtama, na juu yake zilikuwa zimeota nywele nyeupe. Kovu la punda huota nywele nyeupe likishakuwa la zamani. Haya hayakuwa ya mwaka ule.

"Masanja," nikamwita kwa sauti ndogo, "punda huyu umekaa naye tangu lini?"

"Nimemnunua mnadani baada ya mavuno. Hajamaliza mwaka kwangu."

"Kwa nani?"

"Kwa kijana mmoja tu. Alisema anamuuza kwa niaba ya shemeji yake."

Sikuwahi kuuliza swali la tatu. Nilisikia hatua nyuma yangu. Mzee Kazumba alikuwa ameacha kipaza sauti na kuja mwenyewe, na alipofika karibu akasema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kunikaribisha mezani: "Achana na huyo mnyama, mwanangu. Unajichosha bure."

Punda alizama.

Fimbo ilikuwa chini, mbali. Mkono wangu nilikuwa nimeshautoa. Hakuna kilichomgusa. Alizama mpaka tumbo likakaribia zege, masikio yamelala nyuma, na mkojo ukamtoka ukatiririka sakafuni. Alibaki hivyo, akitetemeka, macho yamemtoka, akingoja.

Nimewahi kuona ng'ombe waliokufa kwa kimeta wamelala bonde zima, nimewahi kuona zizi limeungua, lakini sijawahi kupigwa na bumbuwazi kama siku ile. Nilimtazama mzee nikitaka aseme neno lolote, kwamba nimekosea, kwamba punda yule ana kichaa. Nilikuwa tayari kuamini chochote.

Masanja ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. "Shikamoo mzee. Huyu punda anakufahamu?"

Mzee Kazumba hakuitikia shikamoo. Akaketi kwenye ukingo wa zege, na aliposema alisema na mimi, ingawa waliokuwa karibu walisikia.

"Msumari," akasema. "Niliupigilia kwenye ubao kama huo wa fimbo yenu. Jioni, zizini. Namwambia shuka. Akishuka, naondoa."

"Baba," nikasema.

"Plau ya kwanza nilishinda kwa haki, mwanangu. Nakuapia. Za baadaye nilizitaka tu."

Mtu mmoja akaanza kutukana, wengine wakamnyamazisha. Wajumbe wa kamati walimchukua mzee wakamwondoa uwanjani, na yeye alienda bila kubisha. Alipokwisha kutoka nje ya uzio wa shule, ndipo punda alipoanza kunyoosha miguu, mmoja mmoja.

Nilimpima alasiri. Sikutumia ujanja wowote. Nilikaa tu kwenye zege karibu naye huku Mama Kulwa akimpapasa na kumsemesha Kisukuma, mpaka akashusha pumzi. Ubao uligusa, akalegea kidogo, tukangoja, akasimama. Alikuwa wa kundi la warefu, bila shaka yoyote.

"Kumbe nilikuwa na punda mrefu nisijue," Masanja akasema, na watu wakacheka kicheko cha watu waliotaka kulia. Nilimuuliza kama namwandika ashindane. Akatikisa kichwa. "Leo hafungwi mkokoteni. Leo anakwenda nyumbani." Wale waliokuwa wamemzomea asubuhi walimpisha njia, na mmoja wao, mzee wa Kifipa, alivua kofia.

Jioni ile nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekubali kunipa nafasi kwake. Mama Agripina alikuwa jikoni, moto umezimika, na hakuwa ameuwasha tena. Alinisaidia kubeba godoro mpaka barabarani. Pale barabarani akasimama.

"Nilikuwa namsikia punda akilia zizini," akasema. "Nikamuuliza mume wangu, akaniambia anamtoa kupe. Miaka yote hiyo, mwanangu. Kupe."

Niliondoka nikimwacha amesimama, mikono imeshika kanga yake kifuani.

Asubuhi Afisa Mifugo wa Wilaya wa wakati huo alinipigia simu. Hakuwa mtu mbaya, lakini alipenda mambo yaende kimya. "Kwa nini hukungoja mpaka wageni waondoke?" akauliza. "Mgeni rasmi ameona yote."

"Mkuu, punda alikuwa amezama juu ya mkojo wake. Ningengojaje?"

Nilisikia akivuta kiti. "Basi njoo ofisini," akasema, "uniambie tufanye nini isitokee tena."

Niliyomwambia ndiyo mnayoyaona yakifanywa sasa kwenye maonyesho yetu, ingawa wengi hawajui yalitoka wapi. Mpima huweka kiganja kwanza kabla ya fimbo, na hutenganisha manyoya kutazama ngozi. Wapima ni wawili, na wa pili hasikii namba ya wa kwanza. Mwenye punda hashiki kamba wala haongei. Na punda akizama, hafukuzwi kwa aibu pamoja na mmiliki wake. Huwekwa kando akaguliwe, na historia yake iulizwe mpaka kwa aliyemuuza. Mwanzoni watu walilalamika kwamba tunachelewesha. Hasa wale waliozoea kupita haraka.

Nilihamia Sumbawanga mjini baadaye, nikasimamia kitengo mpaka nikastaafu. Mwaka ule ule wa kustaafu, Mzee Kazumba alikuja kunitafuta nyumbani Katandala. Alishuka kwenye bodaboda akishikiliwa na dereva, amekonda, koti limemzidi. Tulikuwa hatujaonana tangu siku ya godoro. Mama Agripina alikuwa ameshafariki. Niliambiwa wakati mazishi yamepita.

Nilimpa shikamoo, akaitikia. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema kilichomleta.

"Nataka kwenda kwa Masanja," akasema. "Peke yangu siwezi. Nikifika mlangoni nitarudi."

Nikaenda naye. Masanja alitupokea vizuri, akatuwekea viti uani, Mama Kulwa akaleta maziwa. Punda alikuwa hai bado, mzee, amefungwa kamba ndefu nyuma ya nyumba akila mabua. Mzee Kazumba hakuwa amemwona. Akajikohoza, akaanza, "Ndugu yangu Masanja, nimekuja..."

Sauti ya mabua yakitafunwa ilikatika ghafla nyuma ya nyumba. Wote tuligeuka. Punda alikuwa ameacha kula na magoti yake yalikuwa yanakunjika, polepole kwa sababu ya uzee, mpaka akafika pale alipokuwa akifika.

Mzee aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Machozi yalipita katikati ya vidole. Alipoitoa mikono, hakutamka neno. Alipiga magoti mbele ya Masanja kwenye vumbi, mzee yule, na yote aliyokuja kusema akayasema kwa kuinamisha kichwa. Masanja alimwinua. Mzee aliporudi kwenye kiti chake alinong'ona sikioni mwangu, kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilikisia zaidi ya kusikia: "Tuondoke, mwanangu, asimame."

Tukaondoka. Alifariki kabla ya mvua. Nilimzika kama baba, na sijamwonea aibu mtu aliyenishangaa kwa hilo.

Sasa nimekaa nyumbani. Maofisa vijana hunipitia, wananiuliza kuhusu fimbo za kisasa, zile zinazosoma namba kwa mwanga. Nawaambia ni nzuri, wazitumie. Kisha nawaambia kinachonishtua zaidi kila nikikifikiria. Mpima aliyenitangulia kijijini pale alikuwa mtu mwaminifu. Zege lake lilikuwa sawa, povu lilikaa katikati, na namba aliyoiandika mwaka hadi mwaka ilikuwa ndiyo namba aliyoiona. Hakupokea kitu kwa mtu. Fimbo yake ilisoma sawasawa kabisa, na alichokuwa akikipima muda wote huo kilikuwa woga.